Mpelelezi na Amri ya Nane

Wapo watakaouliza kwa nini mchungaji aandike habari za mpelelezi wa hadithi katika kitabu cha imani. Swali hilo ni halali. Mpelelezi huyo hakuwahi kuishi. Hakubatizwa katika usharika wowote, wala hakuna kaburi lake. Ametungwa na mwandishi, na kazi zake zote zimo katika vitabu ambavyo watu husoma kupumzisha akili. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa sasa, kila ninapoketi na wazee wa kanisa kusikiliza shauri la msharika, namkumbuka yeye. Napenda kueleza sababu.

Wengi wetu tuliosoma hadithi za Kiswahili tunamjua Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyetokea katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Bwana Msa, na kiko chake na rafiki yake Najum, hutufurahisha kwa akili yake. Pale ambapo watu wanasema ni mzimu, yeye anamtafuta mtu. Nilimpenda tangu ujana wangu na bado nampenda. Lakini mpelelezi ninayetaka kumzungumzia hapa ni mwanamke, na nchi yake ni Botswana. Nilijulishwa kwake na mchungaji mwenzangu wa Kanisa la Kilutheri la huko, tuliyekutana katika semina. Siku ya kuagana alinipa kitabu ambacho jalada lake lilikuwa limechakaa, akaniambia, "Kisome kama mchungaji."

Mpelelezi huyo anaitwa Precious Ramotswe, na watu humwita Mma Ramotswe. "Mma" ni neno la heshima la Kisetswana kwa mwanamke, kama sisi tunavyosema Mama. Mtunzi wake ni Alexander McCall Smith, aliyezaliwa Bulawayo mwaka 1948, akawa profesa wa sheria za tiba katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, na kwa muda alifundisha sheria Botswana. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1998, na sasa mfululizo huo umepita vitabu 20.

Maisha ya mama huyu si mageni kwetu. Baba yake, Obed, alifanya kazi miaka mingi katika migodi ya Afrika Kusini na kurudi nyumbani na mapafu yaliyoharibika. Alipokuwa anakufa alimwambia bintiye auze ng'ombe, aanzishe biashara, labda bucha. Binti aliuza ng'ombe kweli, lakini alifungua ofisi ya upelelezi, ya kwanza kuendeshwa na wanawake katika nchi yake. Kabla ya hapo alikuwa ameolewa na mpiga tarumbeta aliyempiga, na mtoto wake mchanga alifariki akiwa na siku chache tu. Kwa hiyo anapoketi mezani kumsikiliza mtu mwenye shida, anasikiliza kama mtu aliyewahi kulia. Jumapili husali katika kanisa kuu la Kianglikana mjini Gaborone.

Ofisi yake ilianza na vitu vichache sana: meza mbili, viti viwili, simu, taipureta kuukuu, na birika la chai ya rooibos, ile chai nyekundu ya kusini. Kulikuwa na vikombe vitatu. Kimoja chake, kimoja cha katibu wake, na cha tatu cha mteja. Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza nililipita haraka. Mara ya pili nilisimama hapo. Mtu anayekuja na aibu yake, au na tuhuma dhidi ya mwenzake, anakuta kikombe chake kimekwisha kuwekwa kabla hajagonga mlango. Nilijiuliza kama katika ofisi zetu za usharika mtu aliyeitwa kwa shauri hukuta kikombe au hukuta faili.

Sasa niseme jambo lenyewe. Katika Katekisimo Ndogo, ambayo kila mmoja wetu aliikariri kabla ya kipaimara, amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Tukiishia hapo tunajiona salama, kwa kuwa wengi wetu hatujasimama mahakamani na kudanganya. Lakini Luther hakuishia hapo. Katika maelezo yake anataka tusimsaliti jirani wala kumharibia jina. Tena anataka tumtetee, tumnene vizuri, na tuyachukue mambo yake kwa upande ulio mwema. Hii ndiyo sehemu tunayoikariri bila kuisikia. Mungu hatudai tu tusiseme uongo juu ya jirani. Anatudai pia namna ya kuushika ukweli wake.

Mma Ramotswe ndiye aliyenisaidia kuisikia amri hiyo upya. Katika kitabu cha mwaka 2001, mtu mkubwa serikalini anamjia na shauri la nyumbani. Anaamini kwamba mke wa mdogo wake anamwekea mumewe sumu. Hana ushahidi, ila ana hakika. Mpelelezi anakwenda kukaa na familia hiyo shambani, anakula chakula chao, na yeye mwenyewe anaugua. Ingekuwa rahisi kusema tuhuma imethibitika. Lakini anachunguza zaidi, na anagundua kwamba yule mke hana hatia yoyote. Aliyetia kitu kibaya chakulani ni mpishi, mtu aliyezoea ng'ombe, ambaye alichukia kazi ya jikoni aliyolazimishwa kuifanya. Kesi haikwenda polisi. Mpelelezi alimwendea mpishi mwenyewe, akamkabili na ukweli wake, na njia ikatafutwa ili arudi kwenye kazi ya mifugo. Kisha akamgeukia yule mtu mkubwa na kumwonyesha kwamba sumu iliyokuwa mbaya zaidi katika nyumba ile ilikuwa dhana yake juu ya shemeji yake.

Wasomaji wengine watasema hapo mpelelezi alikuwa laini kupita kiasi. Mtu aliyetia sumu chakulani anastahili sheria. Sitabishana nao, nami nina shaka juu ya mwisho wa kisa hicho. Lakini nataka tutazame mwanzo wake. Mke wa ndugu, mtu aliyeingia katika ukoo kwa ndoa, anashukiwa kwanza. Ni mara ngapi tumeona hivyo katika nyumba zetu? Mume akiugua, macho yanamgeukia mke. Mtoto akifa, macho yanamgeukia bibi kizee wa jirani mwenye macho mekundu. Hakuna aliyeona kitu, ila kila mtu ana hakika. Hapo ndipo amri ya nane inavunjwa, wala hakuna aliyefungua kinywa kusema uongo. Watu wamekataa tu kutafuta.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema kuwa Mkristo mwema hachunguzi mambo ya watu. Kutochunguza si upole. Mara nyingi ni uvivu, na wakati mwingine ni ukatili, kwa sababu tuhuma isiyochunguzwa haifi. Inakaa juu ya mtu kama vumbi la barabarani, na kila anayepita analiongeza. Anayemtafutia jirani ukweli, kwa subira, anamfanyia kazi ya upendo.

Niwasimulie shauri moja. Wahusika wameniruhusu, na nimebadilisha mambo madogo ili wasitambulike.

Katika usharika mmoja niliouhudumia, fedha za ujenzi zilipungua kwa shilingi 840,000. Mtunza hazina wa kamati alikuwa mama mjane. Mwezi uleule alikuwa amenunua cherehani mpya. Haikuhitajika zaidi ya hapo. Kabla ya Jumapili ya pili, habari ilikuwa imefika sokoni, na kwaya ilikuwa imeacha kumsogezea nafasi kwenye benchi. Wazee walinijia na pendekezo kwamba jina lake litajwe kanisani wakati wa matangazo na awekwe chini ya marudi mpaka atakaporudisha. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamejenga kanisa lile kwa mikono yao, na walihisi wameibiwa na mtu wa nyumbani.

Niliomba wiki mbili. Niliketi na vitabu vya stakabadhi na kupitia vishina vyake kimoja kimoja, nikilinganisha na daftari la kamati. Niliona kwamba pengo lote lilitoka Jumapili moja tu, na Jumapili hiyo yule mama hakuwapo. Alikuwa kwenye mazishi ya ndugu yake wilaya nyingine. Aliyemshikia kazi alikuwa mmoja wa wanaume wa kamati, mtu aliyeheshimiwa. Nilimtembelea nyumbani jioni. Mke wake alitupatia chai. Sikuuliza habari za fedha. Niliuliza habari za mtoto wao, maana nilikuwa nimesikia alilazwa mwezi ule. Baba yule aliweka kikombe chini, akainamisha kichwa, akaanza kulia. Mtoto alihitaji upasuaji usiku uleule, na fedha ya ujenzi ilikuwa ndani, kwenye kabati, ikisubiri kupelekwa benki Jumatatu. Alikuwa amekusudia kuirudisha kabla mtu hajajua. Kisha uvumi ukamwangukia mama yule, na kila siku iliyopita ilimfanya ashindwe zaidi kusema.

Cherehani, kwa njia, ilikuwa ya fedha za kikoba. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Ukweli ulipopatikana, kazi ngumu ndipo ilipoanza. Yule baba alisimama mwenyewe mbele ya baraza la wazee na kukiri. Aliacha nafasi yake katika kamati na kurudisha fedha yote kwa miezi saba. Baraza lilikubaliana kwamba jina lake lisitajwe kanisani, kwa kuwa dhambi yake haikujulikana kwa watu, naye ametubu na anarekebisha. Lakini jina la yule mama lilikuwa limechafuliwa hadharani, kwa hiyo ilitupasa kulisafisha hadharani. Jumapili iliyofuata nilisimama kabla ya mahubiri, nikamtaja kwa jina lake kamili, nikasema uchunguzi umefanyika, hakuchukua hata senti moja, na yeyote aliyemnena vibaya ana deni kwake.

Baada ya ibada alinisubiri mlangoni. Nilidhani amekuja kushukuru. Aliniambia, "Mchungaji, mimi mlinivua hadharani. Yeye mmemvika faraghani."

Maneno hayo sijayajibu mpaka leo, wala sidhani kwamba yana jibu la maneno. Baadaye yule baba alikwenda kwake na mkewe kuomba msamaha. Mama alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, na siku hiyo hakuwakaribisha ndani. Baadhi ya wazee nao husema mpaka sasa kwamba tulificha mwizi. Nimeishi na malalamiko hayo yote mawili, na yamenifundisha kutofautisha maneno mawili ya lugha yetu ambayo tunayachanganya: kusitiri na kuficha.

Kuficha ni kuuzuia ukweli usifike mahali unapotakiwa kufika. Kusitiri ni kumlinda mtu baada ya ukweli kufika. Anayeficha anaogopa nuru. Anayesitiri ameshaiona nuru, na sasa anatafuta nguo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo kitamuumbua. Hawakusema hivyo juu ya msitiri. Lugha yetu inamsifu mtu wa sitara.

Vitabu vya Mma Ramotswe vinajua tofauti hiyo. Katika kile cha kwanza kuna kisa kinachotuhusu sisi watu wa kanisa moja kwa moja. Mke anakuja kumtafuta mumewe aliyetoweka. Mume alikuwa amejiunga na kikundi cha Wakristo, akapelekwa mtoni kubatizwa, akazama majini na hakuonekana tena. Kiongozi wa kikundi na waumini wake hawakutoa taarifa. Mke aliachwa akidhani labda amekimbia na mwanamke mwingine. Mpelelezi alishuka mtoni, akampata mamba, na ndani ya tumbo la mamba akapata saa ya mkononi ya marehemu. Wengine hucheka wanaposoma kisa hiki, na kimeandikwa kwa kichekesho. Mimi kilinichoma. Watu wa Mungu walimwacha mwanamke bila kujua kama yeye ni mke au mjane, ili wao wasiulizwe maswali. Huko ni kuficha. Jina la kanisa halikulindwa kwa ukimya ule. Lililiwa na mamba pamoja na yule mtu.

Katika kitabu hichohicho mtoto wa mwalimu anatoweka, na dalili zinaelekeza kwa watu wanaotafuta viungo vya binadamu kwa ajili ya dawa za kienyeji. Nyuma yao yuko mtu tajiri ambaye kila mtu anamwogopa. Mpelelezi naye anaogopa. Lakini hapo hakuna swali la kunywa chai na kuelewana kimya kimya. Anakwenda mpaka anamkuta mtoto akiwa hai na kumrudisha kwa baba yake. Sisi Watanzania hatuhitaji kuelezwa sana juu ya hofu ya namna hiyo. Nchi yetu imelia kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, waliowindwa kwa imani ileile ya giza. Katika mambo kama hayo anayejua na kunyamaza hasitiri mtu. Anampa mwindaji muda. Ndivyo ilivyo pia mtoto anapodhulumiwa katika nyumba ya mkristo, au binti anapoharibiwa na mtu mwenye cheo kanisani. Hatuwezi kuita ukimya wetu hapo kuwa ni upendo. Mnyonge kwanza apate usalama, na vyombo vya sheria vifanye kazi yake. Toba ya mkosaji itapata nafasi yake baada ya hapo.

Basi mpaka uko wapi? Nimejifunza kuutafuta kwa swali moja: nani anabaki uchi tukinyamaza? Kama tukinyamaza anayebaki uchi ni aliyeonewa, basi hatujasitiri mtu; tumechukua nguo ya asiye na hatia kumfunika mwenye hatia. Hilo ndilo yule mama mjane aliloniambia kwa maneno machache kuliko haya yangu.

Maandiko yanatupa picha mbili ambazo hunisaidia. Ya kwanza iko Mwanzo 9. Noa amelewa na kulala uchi hemani. Hamu anaona na kutoka nje kuwaeleza ndugu zake. Alichosema kilikuwa kweli, hakuongeza chumvi. Shemu na Yafethi wanachukua nguo, wanaiweka mabegani, na kutembea kinyumenyume wakimfunika baba yao bila kumtazama. Ndugu hao hawakukana kwamba baba alilewa. Walijua vizuri kuliko mtu yeyote, ndiyo maana walileta nguo. Hamu alikuwa na ukweli mikononi lakini hakuwa na nguo.

Ya pili iko Mwanzo 3, na hapo mpelelezi ni Mungu mwenyewe. Anakuja bustanini akiuliza maswali. Adamu yuko wapi? Nani alimwambia kuwa yu uchi? Je, alikula? Mungu hakuuliza kwa kukosa habari. Aliuliza ili mtu apate nafasi ya kusema mwenyewe. Anasikiliza mmoja akimtupia mwenzake lawama, na mwenzake akimtupia nyoka. Hukumu inatolewa, tena nzito; hakuna kinachofichwa. Lakini kabla hawajatoka nje ya bustani, mstari wa 21 unasema juu ya mavazi ya ngozi ambayo Mungu aliwatengenezea na kuwavika. Yule aliyewagundua ndiye aliyewashonea. Sisi Walutheri tumezoea kusema kuwa Sheria hufunua na Injili husamehe. Katika sura hiyo naona yote mawili yakifanywa na mkono mmoja. Anayefunua dhambi bila kuwa na nguo mkononi amefanya nusu ya kazi ya Mungu, na anayetaka kuvika bila kufunua amefanya nusu nyingine. Msalabani zile nusu mbili zilikutana, maana pale dhambi ilionekana yote, na aliyevuliwa nguo ni Kristo, ili sisi tuvikwe.

Kuna kisa kimoja cha mwisho nisichoweza kukiacha. Katika kitabu cha mwaka 2000 mama wa Kimarekani anakuja Gaborone. Kijana wake alitoweka miaka 10 iliyopita alipokuwa akiishi na wenzake kwenye shamba pembeni mwa jangwa. Polisi walishindwa, ubalozi ulishindwa, nyayo zimepotea zamani. Mama hatafuti wa kumfunga. Anataka kujua tu. Mma Ramotswe analichukua shauri hilo, na mwishowe anapata ukweli: kijana alikimbia usiku baada ya kumwona mpenzi wake na mwanamume mwingine, akaanguka korongoni, akafa. Wale wawili waliogopa, wakamzika kimya na hawakumwambia mtu. Lakini yule mpenzi alikuwa na mimba ya marehemu, na mtoto yupo. Mama aliyekuja kutafuta kaburi akapata mjukuu.

Nimezika watu wengi. Nimekaa na familia ambazo ndugu yao alikwenda kutafuta maisha mjini au ng'ambo na hakurudi, wala hakuna barua wala maiti. Najua kwamba kwa watu hao kutojua ni maumivu kuliko msiba wenyewe. Hawawezi kuanua matanga ambayo hawakuyaweka. Kisa hicho kinaonyesha kwamba ukweli, hata ule mbaya, unaweza kuwa zawadi ukiletwa na mtu anayekuja kukaa nawe, si mtu anayekuja kutangaza. Paulo katika Waefeso 4:15 anaviweka ukweli na upendo katika pumzi moja. Hakuviweka hivyo ili upendo uupunguze ukweli makali. Nadhani ni kwa sababu bila upendo hatuwezi kukaa muda wa kutosha kuujua ukweli wote. Wenye haraka ya kuhukumu huishia kwenye cherehani. Hawafiki kwenye vishina vya stakabadhi.

Wapendwa, siku hizi shauri la msharika haliishi tena barazani. Linaingia kwenye makundi ya simu kabla mzee wa kanisa hajapata habari. Picha inatumwa, sauti iliyorekodiwa inasambazwa, na kabla ya jogoo kuwika watu 200 wana hakika. Mmoja wetu akiuliza kama kuna aliyezungumza na mhusika, anaonekana anatetea uovu. Bwana wetu katika Mathayo 18 aliweka njia nyingine. Nenda kwake peke yako kwanza. Kisha chukua mmoja au wawili. Kanisa lije mwisho. Sisi tumeigeuza njia hiyo. Tunaanzia kwa kanisa zima, na wa mwisho kujua ni mhusika.

Naomba kila mmoja wetu afanye upelelezi wa namna ile nyingine. Ukisikia jambo juu ya jirani, tafuta. Usikubali tu na usikatae tu. Uliza alikuwa wapi, ana shida gani nyumbani, nani amemwuliza yeye mwenyewe. Ukikuta hana hatia, sema kwa sauti ileile iliyotumika kumchafua. Ukikuta mnyonge yuko hatarini, usinyamaze hata kama mkosaji ni mtu mkubwa. Na ukikuta mwenzako ameanguka kweli, mwendee, na usiende mikono mitupu.

Mama mjane yule bado anatunza hazina. Alikataa mara mbili tulipomwomba aendelee, mara ya tatu akakubali, kwa sharti kwamba kila Jumapili sadaka ihesabiwe na watu watatu na vishina visainiwe palepale mezani. Wazee wamelifanya sharti lake kuwa utaratibu wa usharika. Yule baba ni mmoja wa hao wanaohesabu. Mama ndiye aliyempendekeza. Sijui kama amemsamehe kabisa, na si kazi yangu kumpeleleza moyo wake. Mungu, aliye na nguo za kututosha wote, amkamilishie kila mmoja wao kazi aliyoianza.